Remi Apima Shamba la Puna

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Remedios Agbayani alitoka nje kulitazama tangi la maji ya mvua. Alipanda ngazi, akatoa majani kwenye mfereji wa paa, akachungulia maji yamefika wapi. Kisha alishuka na kumwita paka wake.

"Kapas! We Kapas! Njoo ule!"

Kapas alikuwa mweupe, na jina lake maana yake ni pamba kwa Kiilokano, lugha ya wazazi wa Remi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwita. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao, imesimama juu ya mwamba mweusi wa lava. Mbele kulikuwa na njia ya kokoto nyekundu. Nyuma kulikuwa na msitu. Mvua ilinyesha karibu kila siku, maana Puna, upande wa mvua wa kisiwa kikubwa, ni Puna.

Mumewe, Fausto, alikuwa kisiwa kingine, Oahu, mjini Honolulu, akifanya kazi ya mitambo hotelini. Alibakiza miaka miwili astaafu. Watoto wao walikwishahamia Las Vegas, kama walivyofanya watoto wa nusu ya majirani zetu. Ndipo Fausto akapata wazo.

"Remi, hapa tutapanga nyumba za watu mpaka tufe," alisema. "Lakini kaunti ya kisiwa kikubwa bado ina ardhi. Tutapanda mipapai. Tutafuga kuku. Tutakula vya kwetu."

Mwenye kiwanja, mzee mmoja wa mji wa Hilo, alikubali wakae mwaka mmoja kwanza. Mwaka ukiisha, ama wanunue, ama warudishe ufunguo. Lilikuwa jambo la busara, na ni wachache wanaolifanya. Wengi hununua kiwanja cha Puna kwa kutazama picha kwenye simu, halafu wanakuja kushangaa. Kosa la Remi na Fausto lilikuwa jingine. Walikubaliana kulipima shamba wote wawili, lakini aliyekwenda kulipima akawa mmoja.

Fausto alipiga simu kila Jumapili.

"Mipapai vipi?"

"Imefika kiunoni."

"Na milonge?"

"Inachipua."

"Tangi?"

"Limejaa pomoni."

"Si unaona! Nilikwambia mimi! Haya mke wangu, naitwa kazini. Tutaongea."

Remi aliiweka simu mezani akaitazama. Alikuwa mpweke, na upweke ule ulikuwa unamla. Hakumwambia Fausto. Angemwambiaje, na mwenyewe anafurahi vile?

Maji ya kunywa watu wa Puna huyachota kwenye mabomba ya kaunti, kando ya barabara kuu. Wengine huja na madumu makubwa, wakamaliza kazi ya wiki nzima. Remi alikuwa na madumu makubwa, lakini aliyaacha nyumbani. Alichukua dumu dogo, ili kesho yake apate sababu ya kurudi. Pale bombani angalau kulikuwa na watu. Walimsalimia, wakajaza maji, wakaondoka na magari yao.

Si kwamba hakujaribu. Kwao Waipahu, kule Oahu, mtu akihamia mtaani hapigi hodi mikono mitupu. Wiki ya kwanza tu Remi alioka bibingka, ile keki ya unga wa mchele na tui la nazi. Kwenye kibanda kando ya barabara alinunua vyungu vya maua ya okidi, akaviweka chini ya mshelisheli wake mpaka keki ziive. Akaenda nyumba kwa nyumba, kila nyumba keki na chungu kimoja.

Majirani waliipokea keki kwa mikono miwili. Wakaisifu. Maua nayo waliyasifu.

"Asante sana. Chungu kiweke hapo hapo tu, nje ya geti."

Wiki zikapita. Kila Remi alipopita aliviona vyungu vyake nje ya mageti, vinanyeshewa. Mzee Shigeru Tamashiro, ambaye mwenyewe alikuwa mkulima wa okidi, alikiacha chake kwenye majani. Anti Haunani Kekauoha, jirani wa karibu kuliko wote, alikisimamisha chake katikati ya beseni la maji. Hakuna aliyekiingiza ndani hata mmoja.

"Hawanitaki," Remi alimwambia Kapas. "Hata maua yangu hawayataki."

Tangu siku hiyo aliacha kupiga hodi. Wakipita na magari wakampungia mkono, naye aliwapungia, basi. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Mwezi wa tano alianza kuumwa na wadudu. Mara ya kwanza alikuwa chini ya mshelisheli, anaangua tunda. Upepo ulitikisa matawi. Ghafla shingo ikamwaka. Alijipapasa akakuta sisimizi, wadogo kuliko punje ya ulezi, rangi ya kahawia iliyoiva. Wamemdondokea kutoka juu ya mti, wameingia ndani ya kola. Usiku shingo ilimwasha mpaka akatamani kuichuna.

Wiki iliyofuata aliwakuta jikoni. Kisha kitandani.

Remi alikwenda dukani akanunua dawa ya kupuliza, ile kali kabisa. Akapuliza ukutani, milangoni, chini ya ngazi. Sisimizi wakafa. Akawafagia na kuwazoa. Baada ya siku chache walirudi, na safari hii hata bafuni walikuwamo. Akanunua kopo jingine. Nyumba ilinuka dawa mpaka kichwa kikamuuma, na sisimizi wakaendelea na safari zao taratibu tu.

Halafu jicho la kushoto la Kapas likaanza kufanya ukungu.

Remi alimtia kwenye kikapu akampeleka Hilo, kwa daktari wa wanyama. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika jicho, akatikisa kichwa.

"Mama, nyumbani kwako una sisimizi wa moto?"

"Nina sisimizi. Wa moto au wa baridi, sijui."

"Wanauma macho ya wanyama. Jicho hili la kushoto, sikudanganyi, huenda haliponi. La kulia bado ni zima. Ukiwaondoa sisimizi, litasalimika. Usipowaondoa..."

"Nawaondoaje? Nimepuliza makopo mawili!"

"Kupuliza hakusaidii. Kuna utaratibu wake. Waulize majirani zako, Puna nzima wanawajua hao."

"Majirani zangu hawaongei na mimi," alisema Remi. Daktari akajifanya anaandika.

Njiani kurudi Remi aliamua. Basi. Fausto na apange mipapai yake kichwani, yeye amechoka. Jumapili atamwambia warudishe ufunguo. Alifika nyumbani akashusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati. Lakini kabla hajaweka hata nguo moja, akavikumbuka vile vyungu. Hasira ikampanda. Kama hawavitaki, hatawaachia vikae barabarani watu wavicheke. Akaanza na geti la karibu.

Anti Haunani alikuwa anafyeka majani, amevaa buti za mpira. Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kusikika mbali.

"Anti, nimekuja kuchukua chungu changu," alisema Remi.

"Chungu kipi?"

"Hicho ulichokifunga jela."

Anti Haunani alilitazama beseni. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika nguzo ya geti.

"Jela! Haki umesema kweli, nimekifunga jela!"

"Mimi sioni cha kucheka. Kama hukuyataka maua ungesema. Ningempa mwingine."

"Ungempa mwingine ndiyo tungekwisha kabisa."

"Unaona? Mnaniona mchafu! Kwa nini? Kwa kuwa nimetoka Oahu? Miezi mitano nakaa pale kama mgonjwa wa ukoma, hata mtu wa kuniambia umeamkaje hakuna!"

Anti Haunani aliacha kucheka. Aliona shingo ya Remi, ilivyojaa vipele vyekundu. Akaweka panga chini.

"Nani kakuuma hivyo?"

"Sisimizi."

"Wadogo sana? Wa kahawia? Wanatembea polepole kama wamelipwa kwa siku?"

"Hao hao. Paka wangu wameshamtoboa jicho."

"Ooh, mdogo wangu," alisema Anti Haunani. "Hebu kaa hapa."

Wakakaa kwenye ubao wa nyuma wa gari lake la mizigo. Mvua nyepesi ilikuwa inaanza, lakini hakuna aliyeijali.

"Maua yale uliyanunua wapi?"

"Kibandani, kando ya barabara."

"Basi walikuja humo. Sisimizi hawa hawaji wenyewe. Mtu ndiye huwabeba. Wanapanda kwenye chungu, kwenye udongo wa miche, kwenye chipukizi la mgomba. Na sisi huku, ukimpenda mtu, unampa mmea. Hivyo ndivyo walivyotufikia sote, mkono kwa mkono, kwa upendo mtupu. Siku hizi mmea wowote mpya unakaa nje ya geti mpaka upimwe. Hata akiuleta dada yangu wa tumbo moja."

Remi alilitazama beseni. Sasa alielewa kazi ya yale maji. Sisimizi hawawezi kuyavuka.

"Kwa hiyo mlijua? Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mbona hamkuniambia?"

Anti Haunani alikuna goti.

"Tulikuonea haya," alisema. "Umekuja na keki ya moto, unatabasamu mpaka masikioni. Mtu atakwambiaje, asante, lakini zawadi yako ina wadudu? Mimi nikasema Shigeru atakwambia. Shigeru akasema atakwambia Haunani. Tukakaa."

"Miezi mitano, Anti!"

"Miezi mitano. Halafu ukaacha kuja. Ukapita na dumu lako dogo umeinamisha kichwa. Nikasema, ah, huyu mtu wa mjini anajisikia, tumwache."

Huo ndio ugonjwa wetu watu wa Puna, na nausema wazi kwa sababu nami ninao. Tutakupungia mkono mwaka mzima. Tutakupa maparachichi mpaka yaoze. Lakini kukwambia neno moja la kukuudhi, hata kama lingekuokoa, tunasubiri aseme jirani. Tunauita upole. Remi upole ule ulimgharimu jicho la paka, na karibu umgharimu makazi.

Remi alilia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kwa mara ya kwanza tangu aje. Anti Haunani alimwacha alie. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya siagi ya karanga na fungu la vijiti vya kulia wali.

"Haya, futa machozi. Tukapime."

Walikwenda mpaka kwa Remi. Anti Haunani alipaka siagi ya karanga kidogo sana kwenye ncha ya kila kijiti.

"Kidogo tu, kama wembamba wa ukucha. Ukipaka nyingi wananasa ndani huwaoni. Kimoja weka chini ya mpapai. Kimoja kwenye shina la mshelisheli. Vingine kando ya nyumba, penye kivuli na unyevu. Jua kali hawalipendi."

Waliviacha vijiti kwa muda wa saa nzima, wakanywa chai. Waliporudi, kijiti cha mshelisheli kilikuwa kimejaa sisimizi mpaka siagi haionekani. Anti Haunani alivikusanya vijiti kwa uangalifu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Hawa weka kwenye friza mpaka kesho. Watakufa, ndipo uwatazame vizuri bila kuumwa. Ukiwa na wasiwasi, wapeleke ofisi ya kilimo wakutazamie. Lakini mimi wala sina wasiwasi. Ndio wenyewe."

"Sasa nifanyeje? Dawa nimepuliza."

"Hilo ndilo kosa. Dawa ya kupuliza inaua unaowaona. Malkia yuko chini, au yuko juu ya mti, na si malkia mmoja, ni wengi. Wanazaa tu, wanakucheka. Unachotaka ni chambo. Chambo ni chakula chenye sumu ya polepole. Sisimizi anakibeba mwenyewe, anampelekea malkia, analisha na watoto. Usiwe na haraka. Kingeua haraka, asingefika nacho nyumbani."

"Na hao wa juu ya miti?"

"Hao kuna chambo laini, kizito kama uji. Unakirusha kwa bomba la mkono mpaka kinanata kwenye matawi. Ila nisikilize: chambo kisiguse tangi wala paa. Maji yale unaogea. Na usome karatasi ya dawa, maana si kila chambo kinaruhusiwa kwenye mboga na matunda."

"Mara moja inatosha?"

"Mara moja!" Anti Haunani alicheka. "Kila baada ya wiki sita, mwaka mzima. Ukikatisha katikati, wanaanza upya. Na jambo jingine. Ukiweka peke yako, wa kwangu watahamia kwako. Lazima tuweke njia nzima, siku moja."

"Njia nzima? Nani atawaambia?"

"Wewe."

"Mimi? Watu wenyewe hata..."

"Wewe. Sisi tumeshashindwa kusema, umeona mwenyewe. Wewe umetoka mjini, una mdomo."

Kesho yake Remi alikwenda nyumba kwa nyumba. Hakubeba keki. Kwa Mzee Shigeru ndiko alikoogopa zaidi, maana mzee yule alikuwa mjane, mkavu, na okidi ndizo zilizokuwa riziki yake.

"Anko Shigeru, mimi ndiye niliyeleta vile vyungu. Vilikuwa na sisimizi wa moto. Sikujua."

"Mimi nilijua," alisema Mzee Shigeru.

"Nimesikia. Sasa tunataka tuweke chambo wote, siku moja, siku isiyo na mvua."

"Siku isiyo na mvua? Puna? Basi tutaonana mwakani."

"Anko, mimi sitanii."

"Hata mimi sitanii." Akang'oa jani kavu kwenye okidi yake. "Ile keki yako," alisema, "ilizidi sukari. Lakini niliimaliza. Niite siku ikifika."

Kungojea siku kavu kulikuwa na faida ambayo Remi hakuitazamia. Kila asubuhi simu yake ililia. Mara Anti Haunani: "Kwako kunanyesha? Kwangu naona bluu kidogo." Mara Mzee Shigeru: "Leo hapana. Goti langu limekataa." Zamani simu ile ililia Jumapili tu.

Siku ikapatikana. Jua lilitoka, majani yakakauka, na njia nzima ikatoka na vikopo na mabomba ya mkono. Walitania, walilaumiana, walirushiana maneno juu ya ua. Remi alipiga chambo kwenye mshelisheli wake mwenyewe, amejifunga kitambaa kichwani na kola ameibana kwa kibanio cha nguo. Mvua ilirudi jioni, lakini chambo kilikwishapata saa zake za kuliwa.

Baada ya wiki sita waliweka tena. Na tena. Kila mara Remi alizungusha vijiti vya siagi ya karanga. Mara ya kwanza vilijaa. Mara ya pili vilikuwa nusu. Mwezi wa kumi na moja, kijiti cha mshelisheli kilitoka kitupu. Jicho la kushoto la Kapas halikupona. La kulia liling'aa, na kwa hilo aliwafukuza mijusi kama kawaida.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Siku moja, wakichambua mboga barazani, Remi aliuliza, "Anti, ungekuwa wewe ungenunua hapa?"

Anti Haunani aliendelea kuosha majani ya magimbi, jani moja moja, pande zote mbili. Koa na konokono wa Puna wana ugonjwa wa kutisha, na mboga ya kuosha kwa haraka humletea mtu maradhi ya ubongo.

"Mimi nyumba yangu ya kwanza ilifunikwa na lava," alisema. "Niliondoka na picha za wazee wangu na sufuria. Kisiwa hiki wamekigawa kanda tisa za hatari ya lava. Ya kwanza ndiyo hatari kuliko zote, ya tisa ndiyo salama. Mimi nilikuwa ya kwanza, na nilijua. Pale ndipo walipozikwa bibi zangu, sikuwa na pengine. Hapa ni kanda ya tatu. Mtu anayenunua aulize hilo kwanza, kabla ya kuuliza mipapai. Aulize maji yatatoka wapi. Aulize njia inatengenezwa na nani, maana hizi zetu kaunti haizigusi. Aulize bima kama itamkubali. Aendeshe gari mpaka hospitali ya Hilo siku ya mvua, aone roho yake inasemaje. Apime sisimizi. Halafu ndiyo anunue."

"Hayo yote nimeshapima."

"Na jibu?"

"Ardhi inafaa, Anti."

"Mbona unalisema kama msiba?"

Remi akachukua jani jingine akaliosha. Msidhani upweke wake uliisha siku ile ya chambo. Majirani alikuwa nao sasa, na aliwapenda. Lakini jirani hurudi kwake jua likizama. Vyura huanza kupiga kelele, vile vyura vidogo vyenye sauti kubwa, na mtu anabaki na meza yake. Upweke huo haukuwa kwenye orodha ya maswali ya Anti Haunani. Pengine kwa sababu naye alikuwa anaishi nao.

Jumapili ya mwisho Fausto alipiga simu mapema, kabla hakujapambazuka. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mzee wa Hilo anataka jibu. Mipapai vipi?"

"Inazaa."

"Sisimizi?"

"Wamekwisha karibu wote."

"Basi tununue!"

"Nunua," alisema Remi. "Lakini uje."

"Nitakuja. Mwaka mmoja uliobaki siyo mwingi."

"Uje sasa. Usipoweza, usinunue. Mimi mwenyewe nitampelekea mzee ufunguo wake, na nitarudi Waipahu tupange mpaka tufe."

Kwenye simu Fausto akasikia kelele.

"Hiyo kelele ni nini?"

"Vyura."

"Wanalia hivyo kila siku?"

"Kila siku, jua likizama, mpaka alfajiri. Mwaka mzima nawasikiliza peke yangu."

"Remi... mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi, Fausto. Uliuliza mipapai."

Remi alikuwa amejifunza mwaka ule gharama ya kunyamaza kwa upole, na neno lake alikwishalisema.

"Kesho nitaongea na meneja," alisema Fausto.

Haikuwa rahisi. Fausto aliondoka hotelini kabla ya wakati wake, akapata kibarua cha kutengeneza pampu za maji hapa hapa Puna, ambako pampu haziishi kuharibika. Mzee wa Hilo aliwaongezea miezi michache, ili na Fausto apime. Fausto alilalamikia vyura, alilalamikia ukungu wa volkano, aliumwa na sisimizi mmoja aliyesalia akapiga kelele mpaka Mzee Shigeru akatoka kumtazama. Mwezi wa nne walinunua.

Siku hizi watu wakija kutazama viwanja vya njia yetu, hutumwa kwa Remi. Anawaambia yote bila haya, sisimizi, maji, kanda za lava, konokono. Anawapa vijiti na siagi ya karanga wakapime wenyewe. Mwisho kabisa anawauliza swali moja: "Mtakaa hapa na nani?"

Wengi hucheka, wakaaga, wakaenda. Wachache hutazama chini wakasema bado hawajui. Hao Remi huwaambia wavue viatu, waingie, chakula kipo.